Kujibu Mapigo kwa Kiingereza

Mwanafunzi wa Kiingereza akikutana na "fight back" hushawishika kulitafsiri neno moja moja, akaishia kupata "kupigana nyuma", jambo lisilo na maana. Katika kitenzi hiki "back" ina maana ya kurudisha, kama ilivyo katika "give back". Kiswahili kina msemo unaokaribiana nacho sana: kujibu mapigo.

Jibu halitangulii swali, na "fight back" haitangulii shambulio. Tukisema "walipigana", hatujaeleza nani alianza; kiambishi -an- kinawaweka wote kwenye mizani moja. Anayeandika "she fought back" amekwisha kutuambia kwamba mama huyo alichokozwa. Kwa hiyo msomaji wa habari za vita au za siasa akiliona neno hili aangalie limepewa upande gani, kwa sababu mwandishi ameshatoa hukumu bila kutangaza kwamba anahukumu.

Kitenzi hiki pia ni chembamba kuliko "kujitetea". Mshtakiwa anayeeleza kizimbani kwamba siku ya tukio alikuwa safarini anajitetea. Anayejikinga uso kwa mikono anajitetea pia. Wote wawili hawajafikia "fight back", ambayo inadai kurudisha pigo. Pigo lenyewe laweza kuwa la maneno: mwanasiasa aliyetuhumiwa kula rushwa akiita waandishi wa habari na kuwageuzia kibao wanaomtuhumu, hapo kitenzi kinamfaa kabisa.

Michezoni, bao la mpinzani ndilo pigo la kwanza. Tarehe 25 Mei 2005, mjini Istanbul, Liverpool walikwenda mapumziko wakiwa nyuma kwa mabao 3-0 mbele ya AC Milan katika fainali ya Ligi ya Mabingwa wa Ulaya. Kipindi cha pili Gerrard, Šmicer na Alonso walifunga ndani ya dakika sita, na kombe likaamuliwa kwa penalti, Liverpool wakashinda. Mtangazaji wa Kiingereza husema "they fought back"; wetu husema walitoka nyuma wakasawazisha.

Sarufi nayo ina mtego. Wakati uliopita ni "fought back", na anayejibiwa hutanguliwa na "against": "they fought back against the attackers". Nomino ikifuata moja kwa moja, maana hubadilika: "he fought back tears" ni kwamba alijikaza asilie. Adui hapo ni machozi yake mwenyewe, naye anayazuia yasitoke.

Kabla ya kukitumia, basi, tafuta katika habari yako pigo lililotangulia. Usipoliona, "fight" peke yake inatosha.