Kunyonyesha mbele za watu: Stara ni ya mama, haya ni ya wote

  

Ndugu msomaji, leo tunaanza kwa kukiri kosa letu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa tukisomesha darsa baina ya Magharibi na Isha, na nyuma ya pazia walikaa akina mama. Mtoto mchanga akaanza kulia. Tulinyamaza kidogo, lakini kilio hakikukoma, tukasema kwa kipaza sauti kwamba mwenye mtoto amtoe nje ili watu wapate kusikiliza elimu. Kilio kikatoweka, nasi tukaendelea.

Baada ya wiki chache mume wa mama yule alitujia. Kwa upole akatueleza kuwa mkewe alikwenda kukaa gizani, kwenye ngazi za nje, akimnyonyesha mtoto huku wapita njia wakimkodolea macho, na kwamba tangu usiku ule hajarudi tena darsani. Hakutulaumu. Ila maneno yake yalitufanya turejee vitabu tulivyovisoma tangu udogo wetu, na tukabaini kwamba usiku ule hatukuwa tumetenda alivyotenda Mtume (SAW).

Suala hili si dogo. Mara kwa mara tunaulizwa: je, inafaa mwanamke kunyonyesha ndani ya daladala, kwenye foleni ya kliniki, katika boti ya kwenda Unguja au msikitini? Wako wanaojibu kwamba hiyo ni aibu, na mwenye mtoto mchanga akae nyumbani kwake. Wako pia wanaosema kwamba kunyonyesha ni jambo la maumbile, kwa hiyo hakuna haja ya kujisitiri. Kwa maoni yetu makundi yote mawili yamechukua upande mmoja wa mizani na kuuacha mwingine.

Haki iliyothibitishwa na Qur'ani

Katika Suratul Baqara, aya ya 233, Mwenyezi Mungu (SW) ameeleza kwamba akina mama wawanyonyeshe watoto wao miaka miwili kamili, kwa anayetaka kukamilisha kunyonyesha. Aya hiyo haikuishia kwa mama. Imemwajibisha baba kumlisha na kumvisha mama huyo kwa wema, ikakataza mzazi yeyote kutiwa dhiki kwa sababu ya mtoto, na ikataka hata uamuzi wa kumwachisha ziwa upitie mashauriano na maridhiano ya wote wawili. Zingatia, ndugu msomaji: maziwa ni ya mama, lakini jukumu limegawanywa.

Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa usiku na mchana. Tumbo lake ni dogo na maziwa ya mama husagika upesi, kwa hiyo njaa yake haingoji mama afike nyumbani. Mama naye akichelewa kunyonyesha, matiti hujaa na kuuma. Na hali hiyo ikijirudia, maziwa hupungua, kwani mwili hutengeneza maziwa kadiri mtoto anavyonyonya. Shirika la Afya Duniani linahimiza mtoto apewe maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya mwanzo, kisha aendelee kunyonya pamoja na vyakula vingine hadi miaka 2 au zaidi.

Basi anayemwambia mama asinyonyeshe nje ya nyumba yake, anamwambia ama asiende kliniki, sokoni, kazini wala kwenye elimu, ama amwache mtoto na njaa. Sharia haikumwamrisha hilo la kwanza, na la pili haliridhii.

Mtume (SAW) na watoto wachanga

Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba Mtume (SAW) alikuwa akianza Sala huku amekusudia kuirefusha, lakini anaposikia kilio cha mtoto huifupisha, kwa kujua uchungu anaoupata mama yake. Tafakari tukio hili. Sala ni nguzo ya dini, na imamu alikuwa bora wa viumbe. Pamoja na hayo mtoto hakutolewa msikitini, wala mama hakukemewa; kilichobadilika ni urefu wa Sala. Sisi usiku ule tulikuwa na darsa tu, na hatukuwa tayari hata kulisimamisha kwa dakika tano.

Vilevile imepokewa katika vitabu hivyo viwili kwamba Ummu Qays bint Mihsan (RA) alimletea Mtume (SAW) mwanawe mchanga ambaye hajaanza kula chakula. Mtume akamkalisha mapajani pake, mtoto akakojoa juu ya nguo yake. Hakumrudisha kwa hasira. Aliagiza maji, akainyunyizia ile nguo.

Na ipo hadithi ya Umar bin Khattab (RA), pia katika Bukhari na Muslim, kuhusu mwanamke miongoni mwa mateka aliyekuwa akihangaika kutafuta mtoto. Alipompata alimkumbatia na kumnyonyesha, watu wakiwapo. Mtume (SAW) aliwauliza masahaba kama wanadhani mwanamke yule angeweza kumtupa mwanawe motoni. Waliposema kwamba hawezi, akawafahamisha kuwa Mwenyezi Mungu anawahurumia waja wake zaidi ya mama yule anavyomhurumia mwanawe.

Hadithi hii haikuja kueleza mipaka ya mavazi, na asije mtu akaifanya ruhusa ya kuacha stara. Lakini inatufundisha namna ya kutazama. Pale ambapo wengi wetu tungeona aibu, Mtume (SAW) aliona rehema, na akaifanya mfano wa rehema za Mola wake.

Stara kwa mama, kuinamisha macho kwa wengine

Kifua cha mwanamke ni katika sehemu anazopaswa kuzisitiri mbele ya wanaume wasio maharimu zake. Kunyonyesha hakuondoi wajibu huo. Hata hivyo, kujisitiri wakati wa kunyonyesha si jambo gumu, na mama zetu wa Pwani walilijua kabla yetu. Kanga moja iliyotandazwa begani, mtandio mpana au buibui lenye nafasi mbele, vinatosha kumlisha mtoto bila mtu kuona chochote. Mama achague kiti cha pembeni inapowezekana, na amwachie mtoto nafasi ya kupumua ndani ya nguo. Akiwa na wanawake wenzake Waislamu peke yao jambo ni jepesi zaidi, kwani kwa mujibu wa wanazuoni wengi sehemu ambayo mwanamke hulazimika kuisitiri mbele yao ni baina ya kitovu na magoti.

Akishafanya hayo ametimiza wajibu wake. Na wajibu wetu sisi wanaume? Katika Suratun Nur, amri ya kuinamisha macho imeanza kwa waumini wanaume katika aya ya 30, ndipo ikafuata ya wanawake katika aya ya 31. Wangapi wetu huisoma aya ya 31 kwa sauti kubwa na kuipita ile ya 30 kimyakimya! Mwanamume anayemkodolea macho mama aliyejifunika, akamcheka au akamnong'ona na mwenzake, yeye ndiye aliyekosa haya. Mwenye kumpiga picha kwa simu na kuirusha mitandaoni amekusanya madhambi kadhaa kwa mpigo: kutazama, kupeleleza, kudhalilisha na kueneza.

Msimpeleke chooni

Mwezi wa Mei 2018, akina mama waliandamana jijini Nairobi baada ya mwenzao kudai kwamba alipokuwa akinyonyesha ndani ya mkahawa aliambiwa aende kunyonyeshea chooni. Hatuna haja ya kuhukumu baina ya mama yule na mkahawa ule. Lakini wazo lenyewe la kumpeleka mama chooni linatuhusu, kwa sababu hata kwetu lipo.

Ndugu Waislamu, choo tumefundishwa kukiingia kwa kuomba kinga, na wanazuoni wetu wanatuzuia kulitaja ndani yake jina la Mwenyezi Mungu kwa sauti. Hakuna mmoja wetu anayekubali kuandaliwa pilau yake humo. Vipi basi tumpeleke huko mtoto ambaye chakula chake chote ni maziwa yale, na mama anayetaka kuanza kwa Bismillahi?

Tarehe 7 Agosti 2019 lilitokea jingine huko huko Kenya. Mheshimiwa Zuleikha Hassan, aliyekuwa mwakilishi wa wanawake wa Kwale, aliingia katika ukumbi wa Bunge la Taifa akiwa na mwanawe wa miezi 5, akaamriwa kutoka kwa kuwa kanuni hazikuruhusu. Siku hiyo ilikuwa ya mwisho ya Wiki ya Unyonyeshaji Duniani, inayoadhimishwa kila mwaka tarehe 1 hadi 7 Agosti. Tena nchi ile ilikwisha kupitisha Sheria ya Afya ya mwaka 2017, inayowataka waajiri watenge vyumba vya kunyonyeshea mahali pa kazi.

Kwa upande wa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84 zenye malipo, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Akirudi kazini, mwajiri anatakiwa kumruhusu kunyonyesha katika saa za kazi kwa muda usiozidi saa mbili kwa siku. Mfanyabiashara Mwislamu mwenye wafanyakazi wanawake ajiulize: je, anawapa saa hizo, au huwanunia wanapoziomba?

Funzo la Khalifa Umar

Wanahistoria wamepokea kwamba Khalifa Umar (RA) alikuwa akitoa posho ya hazina kwa watoto walioachishwa ziwa. Usiku mmoja, akiwa na Abdur-Rahman bin Auf (RA) wakilinda msafara wa wafanyabiashara waliopiga kambi Madina, alisikia mtoto akilia. Alimwendea mama yake mara kadhaa akimtaka amtulize. Mwisho yule mama, bila kujua anazungumza na nani, akasema anamwachisha mtoto ziwa mapema kwa sababu Umar hawapi posho wanaonyonya. Alfajiri Umar alisalisha huku kisomo chake hakisikiki vyema kwa kilio. Kisha akaamuru itangazwe kwamba watu wasiharakishe kuwaachisha watoto wao ziwa, na posho itolewe tangu mtoto anapozaliwa.

Umar (RA) alikisikia kilio kile, akatafuta sababu yake, akaikuta katika utaratibu aliouweka yeye mwenyewe, akaubadilisha. Hivyo ndivyo inavyompasa kila mwenye mamlaka, awe imamu wa msikiti, mkuu wa ofisi au mwenye basi.

Wazazi nao wana adabu zao

Tukitaka watu watustahi, nasi tuwastahi. Mtoto akichafua nepi tusimbadilishe juu ya kiti wanapokaa wengine au karibu na chakula chao, wala nepi chafu isitupwe dirishani. Akilia kwa muda mrefu katika khutba, mama au baba amtoe kidogo kwa hiari yake, amtulize, kisha arejee. Tumesema baba kwa makusudi, maana Mtume (SAW) alisali huku amembeba mjukuu wake Umama (RA). Mwanamume anayembeba mwanawe msikitini au ndani ya boti hajapungukiwa na chochote.

Pia tusiwashike wala kuwabusu watoto wachanga wa watu bila idhini. Na akina mama wanapokusanyika harusini au msibani, asitokee mtu kumnyonyesha mtoto wa mwenzake kwa ajili ya kumnyamazisha tu. Kunyonyesha huleta undugu wa kuharimishana ndoa. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu tunayafuata, undugu huo huthibiti kwa manyonyo matano kabla ya mtoto kutimiza miaka miwili, na wako maimamu wanaosema hata moja linatosha. Likitokea hilo, familia zote mbili zijulishwe na liandikwe, ili ndugu wa ziwa wasije kuoana bila kujua.

Tufanye nini?

Tunaziomba kamati za misikiti zitenge chumba kidogo au kona yenye pazia upande wa wanawake, penye mkeka safi, maji na spika ya kuwafikishia khutba na darsa. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na zulia jipya tunalolichangia kila Ramadhani. Tunawaomba vijana, mama mwenye mtoto anapopanda daladala, wampishe kiti cha dirishani na kugeuza nyuso zao. Nao waume wawasindikize wake zao na kuwabebea mizigo, kwani kumsitiri mke ni sehemu ya kazi yao pia.

Kuhusu mama yule wa darsani, tulimtuma mumewe amfikishie ombi letu la msamaha, na Ijumaa iliyofuata tukalirudia mbele ya watu wote, kwa kuwa kosa lenyewe lilifanyika mbele ya watu wote. Alirudi baada ya muda. Siku hizi mtoto akilia tunasita, tunamswalia Mtume (SAW) pamoja na waliohudhuria, na mama anapata nafasi ya kumnyonyesha mwanawe mahali pake. Darsa halijawahi kuharibika kwa hilo.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu (SW) atujaalie haya ya kweli, atuhifadhie akina mama na watoto wetu, na atusamehe tulipokosea. Wabillahi tawfiq.