Chuo kipo mlangoni, nafasi ipo wapi?

Siku chache zilizopita mama mmoja anayeteremsha mboga kutoka Mgeta kuja kuuza mjini Morogoro aliniuliza swali lililonikwaza. Alikuwa amekaa juu ya gunia la kabichi akisubiri mteja.

“Mwanangu,” aliniambia, “Chuo cha Sokoine nakiona tangu sijaolewa. Binti yangu yuko kidato cha pili, na anapenda mambo ya mifugo. Sasa, kwa vile sisi ndio wenyeji wa milima hii, si watamfikiria kwanza?”

Nilimwahidi kumjibu hapa redioni, kwa sababu naamini si yeye peke yake mwenye swali hilo.

Jibu ni la hasha, hatafikiriwa kwanza. Fomu ya maombi haimpi pointi hata moja kwa kuzaliwa chini ya Uluguru. Mtoto wa Mgeta na mtoto wa Bukoba wanapimwa kwa mizani ileile.

Sababu yake ni hii. Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kiliundwa kwa Sheria ya Bunge Namba 6 ya 1984, kikaanza rasmi Julai mwaka huo. Kilipewa jina la Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine, aliyefariki tarehe 12 Aprili 1984 katika ajali ya gari huko Dakawa, mkoani humu humu Morogoro. Kabla ya hapo kilikuwa kitivo cha kilimo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Si mali ya mkoa. Kinaendeshwa kwa fedha za Hazina, ambamo imo kodi ya mvuvi wa Ukerewe na ya mkulima wa korosho wa Newala.

Zipo nchi zenye utaratibu mwingine. Marekani vyuo vya umma ni vya majimbo, na wakazi wa jimbo hutangulizwa. Katika jimbo la North Carolina, chuo kikuu chao cha Chapel Hill kina kikomo: wanaotoka nje ya jimbo wasizidi asilimia 18 ya wanaoingia mwaka wa kwanza. Hapo jirani Uganda, tangu 2005, sehemu ya nafasi zinazolipiwa na Serikali hugawanywa kwa wilaya. Hata hivyo wapo Waganda wanaolalamika kwamba nafasi hizo huchukuliwa pia na watoto wa mjini wanaojiandikisha kwa jina la wilaya ya babu zao.

Hata sisi tuliwahi kugawana. Katika miaka ya 1970 nafasi za sekondari za Serikali ziligawanywa kimkoa, ili mikoa iliyokuwa na shule nyingi tangu ukoloni isizibebe zote. Lakini chuo kikuu kilibaki cha Taifa. Ndivyo zilivyo pia shule mbili za Serikali zenye sifa kubwa mkoani petu, Mzumbe ya wavulana na Kilakala ya wasichana. Ni shule za vipaji maalumu, na zinapokea watoto kutoka pande zote za nchi. Kwa hiyo mwenyeji wa Morogoro huona majengo mazuri yamemzunguka, na ndani yake wamejaa wageni. Uchungu wake naufahamu.

Sasa tuangalie mlango wenyewe ulivyo. Mwombaji wa kidato cha sita anatakiwa, kwa uchache, awe na ufaulu wa kati ya A na E katika masomo mawili yanayohusika na shahada anayoiomba, na pointi za masomo hayo zifike 4. A ina pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Kwa hiyo D mbili zinatosha, na C na E zinatosha pia.

Lakini zinatosha kwa nini? Zinatosha kuomba. Hapo ndipo wazazi wengi wanapokosea hesabu. Ikiwa nafasi ni chache na waombaji ni wengi, wenye pointi za juu huchukuliwa kwanza, na mwenye 4 hubaki nje hali ametimiza sharti.

Na mlango huo, mama yangu, haufungwi siku ya kuomba chuo. Huanza kufungwa mapema zaidi. Anayetaka udaktari wa mifugo anahitaji Biolojia na Kemia. Kwa miaka mingi, mwanafunzi wa sekondari aliweza kuacha Fizikia na Kemia baada ya kidato cha pili. Akiziacha, mchepuo wa PCB au CBG hawezi kuupata, na kwa uamuzi wa mtoto wa miaka 15 Sokoine imekwisha kuwa mbali kuliko Bukoba. Mara nyingi hata si uamuzi wake. Shule haina mwalimu wa Kemia, au maabara ina meza tupu.

Kwa maana hiyo sitadai Morogoro itengewe nafasi chuoni. Tukidai sisi, Mbeya nao watadai chao na Mwanza chao, na mtoto wa Lindi atakwenda wapi? Ninachodai ni mwalimu wa Kemia, Mgeta, Matombo na Kinole, kabla mtoto hajafika kidato cha tatu. Kabla ya kuuliza chuo kimechukua wenyeji wangapi, diwani na mbunge tuwaulize shule za kata zina walimu wangapi wa sayansi.

Chuo nacho kina njia ya kusaidia bila kupindisha mizani. Miaka ya 1980 wataalamu wa Sokoine walishiriki kuwapandisha Mgeta mbuzi wa maziwa wenye asili ya Norway, na wafugaji wakanufaika. Ikiwa mbuzi waliweza kupanda mlima ule, mhadhiri na wanafunzi wake wanaweza kuupanda pia, wakakaa siku mbili na watoto wa sekondari wakiwaonyesha jaribio la Kemia.

Kwako mama, nina mambo matatu. Kwanza, kesho nenda shuleni uulize kama binti ataendelea na Kemia. Pili, asipopata pointi za kidato cha sita, asikate tamaa: mwenye stashahada inayohusika, yenye wastani usiopungua 3.0, anaweza pia kuomba shahada. Tatu, uwenyeji una faida yake, ila inakuja baadaye. Akishachaguliwa, hatalipia safari ya siku mbili, na gunia la viazi kutoka nyumbani litamfikia.

Lakini kuingia ataingia kwa pointi zake. Samaki mkunje angali mbichi, na binti yako bado yuko kidato cha pili.

Kwa leo naishia hapa. Tukutane wiki ijayo.