Ufunguo wa Gari na Pacha Wake

Je, wajua kwamba ufunguo wa gari dogo la siku hizi ni vitu viwili vilivyobanwa pamoja? Chuma hufungua mlango, lakini kinachoiombea injini ruhusa ya kuwaka ni kichwa cha plastiki. Mtu wa Dar es Salaam anaweza kuendesha miaka mingi bila kulijua hilo, maana fundi wa funguo hayuko mbali. Gulwe, wilayani Mpwapwa, habari ni nyingine. Ni stesheni ya Reli ya Kati, ile iliyoanza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 ikafika Kigoma 1914, na fundi mwenye mashine ya kusoma chipu utamtafuta Dodoma mjini. Mwenye gari hapo akiwa na ufunguo mmoja tu, safari zake zote zinaning'inia kwenye kitu kinachoenea kiganjani.

Tuanze na chuma. Kitasa cha mlango kina silinda, na ndani ya silinda vimepangwa visahani vyembamba vya shaba, kila kimoja na tundu katikati na springi ubavuni. Ufunguo usipokuwamo, springi husukuma visahani nje, vikaingia kwenye mfereji wa kitasa, na silinda haigeuki. Ufunguo ukipenya, meno yake hupita kwenye yale matundu na kukivuta kila kisahani kwa kiasi chake, hadi vyote vilingane na uso wa silinda. Hapo ndipo kitasa kinaachia.

Meno hayo huliwa. Vumbi linaloingia kitasani hukwangua shaba na ufunguo kwa pamoja, taratibu sana, na kwa kuwa vyote vinalika pamoja, dereva hahisi lolote. Taabu huanza siku anapochongesha kopi: mashine ya fundi hufuata meno jinsi yalivyo, pamoja na kulika kwake. Kopi ya kopi huwa mbaya zaidi. Chongesha kutoka kwenye ufunguo uliotumika kidogo kuliko yote, na ufanye hivyo mapema.

Sasa kichwa. Katikati ya miaka ya 1990 wizi wa magari ulizibana kampuni za bima za Ulaya. Kufikia mwishoni mwa 1998 Ujerumani na Uingereza zilikuwa zinadai magari mapya yawe na kizuizi cha injini. Tangu hapo ndani ya plastiki kukawekwa chipu ndogo, nyingine haizidi sana punje ya mchele. Haina betri. Ukiingiza ufunguo kwenye swichi, koili iliyoizunguka swichi huipa chipu nguvu kwa njia ya sumaku, nayo hujitambulisha. Isipotambuliwa, injini haiwaki, au inawaka sekunde chache kisha inazima. Ndiyo maana betri ya rimoti ikifa gari bado linawaka. Hata gari linalowashwa kwa kitufe huwaka: kwenye magari mengi unasogeza rimoti hadi iguse kitufe chenyewe, na mlango unaufungua kwa kale kaufunguo ka chuma kalikofichwa ndani ya rimoti.

Hapa ndipo hesabu ya spea inapogeuka. Ukiwa na ufunguo unaofanya kazi, kuongeza wa pili ni kazi nyepesi, kwa sababu gari lenyewe linamtambua anayemleta mgeni. Ukipoteza wa pekee, unachotengenezesha si ufunguo tena. Fundi analazimika kuingia kwenye kumbukumbu ya kompyuta ya gari na kuifundisha upya. Kwenye Toyota nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 2000 huanza kwa kuling'oa boksi la kompyuta hiyo. Kwa gari lililosimama Gulwe, ama fundi asafirishwe na mashine zake, ama gari livutwe hadi Dodoma. Na magari yaliyotumika kutoka Japani mara nyingi hushuka bandarini na ufunguo mmoja! Naiona hiyo kuwa kasoro ya kurekebishwa wiki ileile ya kununua, kabla ya redio na rimu.

Kufungia ufunguo ndani nako kuna sababu zake. Magari mengi hukataa kujifunga mlango wa dereva ukiwa wazi na ufunguo ukiwa kwenye swichi. Ufunguo ukiwa kitini, hayaujui. Tena ukibonyeza rimoti kufungua kisha usifungue mlango wowote, Toyota nyingi hujifunga zenyewe baada ya sekunde kama 30. Na mtoto aliyeachwa ndani hubonyeza kufuli bila kujua.

Kwa mtoto huyo usisubiri spea. Vipimo vilivyochapishwa Marekani mwaka 2005 vilionyesha kuwa joto ndani ya gari lililofungwa juani hupanda kwa wastani wa nyuzi 22 za Selsiasi kwa saa moja, sehemu kubwa ikipanda ndani ya nusu saa ya kwanza, na kioo kilichoachwa wazi kidogo hakisaidii sana. Kwa jua la Dodoma, vunja kioo kilicho mbali na mtoto, na uvunje mara moja.

Kama ndani hamna mtu, achana na uvumi kwamba mtu wa nyumbani akibonyeza rimoti ya spea karibu na simu, mlango utafunguka. Rimoti hutoa mawimbi ya redio, na simu iliyopigwa husafirisha sauti tu. Kinachosaidia ni kopi ya chuma tupu, isiyo na chipu. Kwenye magari mengi inafungua mlango hata kama king'ora kitalia, lakini injini haiwashi, kwa hiyo inaweza kukaa mfukoni mwa utingo au dukani kwa jirani bila hofu kubwa. Spea yenye chipu iweke nyumbani, pamoja na kile kibati chenye namba ambacho Toyota hutoa na funguo mpya; kwa namba hiyo fundi anaweza kuchonga meno kama yalivyotoka kiwandani, hata ufunguo wenyewe ukiwa umeshazama mtoni.