Mizigo ya Bandari na Riziki ya Nyumba Zetu

Aliyepita barabara ya Magongo baada ya swala ya alfajiri katika miaka iliyopita ataikumbuka picha hii: malori yamejipanga kuelekea lango la bandari, madereva na matanboi wakinawa nyuso kwa maji ya jerikeni, na kando yao akina mama wamekwisha kuwasha moto, mahamri yakitoka karaini na mbaazi za nazi zikitokota. Mgeni angedhani hawa ni watu wa kazi mbalimbali waliokutana njiani. Sisi wa mji huu twajua kwamba wote walikuwa wakila katika sinia moja, nalo ni kontena lishukalo melini.

Mwaka 2019 sinia hilo lilivutwa ghafula. Twaona ni vyema kisa hicho kikumbukwe majumbani mwetu, kwa kuwa amri za kiuchumi hazikomi kutoka, na kila itokapo moja hufika hadi jikoni.

Tuanze na chanzo. Tarehe 31 Mei 2017 ilizinduliwa reli mpya, SGR, kutoka Mombasa hadi Nairobi, masafa ya takriban kilomita 480. Treni za mizigo zilifuata mapema mwaka 2018. Sehemu kubwa ya gharama ilikuwa mkopo kutoka Benki ya Exim ya Uchina. Tena, tangu mwaka 2013 bidhaa ziingizwazo nchini zimekuwa zikitozwa ushuru wa maendeleo ya reli. Kwa hivyo hata mama aliyenunua bidhaa ya ng'ambo dukani alichangia reli ile, ajue asijue.

Mkopo hulipwa kwa mapato, na mapato ya reli ni mizigo. Mwaka 2014, kabla hata reli haijakamilika, Mamlaka ya Bandari ilikuwa imekwisha kufungamana na Shirika la Reli kwa mkataba wa kuihakikishia reli kiasi maalumu cha mizigo, na kisipotimia, bandari ilipe pengo. Hapo ndipo penye mzizi. Deni halingoji, mizigo ya hiari isipotosha, hutafutwa mizigo ya lazima.

Mwanzoni mwa Agosti 2019 ikatoka ilani kwamba mizigo yote kutoka ng'ambo iendayo Nairobi na bara ipakiwe kwenye reli, na taratibu za kuitoa zikamilishwe katika bandari kavu ya Embakasi, Nairobi. Mwenye mzigo hakuachiwa uchaguzi. Wafanyabiashara wengi walilalamika kwamba wakijumlisha nauli ya reli, lori la kutoka Embakasi hadi ghalani na kurejesha kontena tupu, gharama ilizidi ile ya lori la moja kwa moja.

Baadhi ya watu walidhani msiba ule ni wa matajiri wenye malori peke yao. Lakini lori lisipoondoka, dereva hana safari, tanboi hana posho, na fundi wa matairi hana tairi la kuziba. Yadi za makontena za Changamwe na Miritini zikipungukiwa, vibarua wa kupakua hurudi nyumbani na karani wa wakala wa forodha huambiwa apumzike. Mama wa mahamri hubaki na beseni lililojaa hadi saa nne. Kisha zamu humfikia mjane wa Chaani au Mikindani, ambaye riziki yake ni vyumba vitatu alivyoachiwa na marehemu mumewe, na wapangaji wake ndio hao hao. Njia nzima ya Mariakani, Maungu, Voi na Mtito Andei iliishi kwa malori. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi uliofanywa mwaka huo kwa ajili ya Kaunti ya Mombasa ulizihesabu ajira zilizokuwa hatarini kwa maelfu.

Insafu yatutaka tuseme na upande wa pili. Reli si adui. Malori huharibu barabara, na ajali katika njia ile zimefanya mayatima wengi. Serikali iliyokopa inawajibika kulipa, kwani deni ni amana. Nasi pia tulikuwa na makosa yetu: wako waliozidisha uzito, na wako waliohonga ili wapite. Lengo la serikali lilikuwa na hoja. Kilichokosekana ni njia ya kulifikia pasipo kuwavunjia watu maisha kwa waraka mmoja.

Dini yetu imelizungumza jambo hili. Bei zilipopanda Madina, watu walimwendea Mtume (S.A.W.) wakamwomba awapangie bei. Alikataa, kwa kuchelea asije akakutana na Mola wake ilhali kuna mtu anayemdai dhulma. Wanazuoni hawakuifahamu hadithi hii kuwa mtawala asiliguse soko kabisa. Mlanguzi akificha chakula watu wakaumia, mtawala ana wajibu wa kuingilia. Funzo lake ni khofu: mwenye kutia mkono katika riziki za watu autie akitetemeka, akijua kwamba nyuma ya kila mzigo mna haki ya mtu.

Dawa ya khofu hiyo ni mashauriano. Qur'ani ina sura nzima iitwayo Ash-Shuraa, na sura hiyo ilishuka Makka, kabla Waislamu hawajawa na dola. Maana yake ni kwamba kushauriana kulikuwa tabia ya waumini kabla ya kuwa kanuni ya utawala. Katiba yetu ya mwaka 2010 nayo, katika kifungu cha 10, imeutaja ushirikishwaji wa wananchi miongoni mwa misingi ya taifa.

Mambo yaliendaje? Watu wa Mombasa waliandamana Jumatatu baada ya Jumatatu, na mwezi wa Oktoba 2019 serikali ikatangaza kuisimamisha amri. Novemba 2020 Mahakama Kuu ya Mombasa ikaamua kwamba maagizo yale yalikiuka sheria, umma ukiwa haukushirikishwa. Septemba 2022, Rais William Ruto alipoapishwa, alitangaza kwamba shughuli za kutoa mizigo zingerejeshwa Mombasa. Twashukuru. Lakini kilichorejea kwa tangazo chaweza kuondoka kwa tangazo, na mjane aliyepoteza wapangaji wake hakufidiwa miezi ile mitupu.

Sasa tujigeukie wenyewe. Katika suluhu za ndoa tulizozikalia siku zile, tulikuta waume waliopoteza kazi wakawaficha wake zao. Mtu hutoka asubuhi na mkoba wake kama aendaye kazini, kumbe ashinda chini ya mwembe. Mke naye huendelea kukopa dukani akitumaini mwisho wa mwezi. Siri ilipofichuka, deni lilikuwa limekua na imani imevunjika. Nyumba zilizosalimika si zile zilizokuwa na fedha nyingi zaidi. Ni zile ambazo mume alikaa na mkewe usiku ule ule akamwambia, "Mama watoto, kazi imesimama, tufanyeje?" Wengine walihama vyumba viwili wakaingia kimoja, wengine walianza biashara ndogo kwa fedha za chama zisizo na riba. Walipata shida, lakini waliipata pamoja.

Twailaumu serikali kwa kutoa amri bila kushauri, nasi twafanya yayo hayo katika nyumba zetu. Tuwashauri wake zetu katika mapato na madeni. Kisha tutoke pamoja: vikao vya maoni kuhusu bajeti na kodi vinapotangazwa, akina mama wahudhurie, wala wasingoje waume wawasimulie. Mama aliyerudi na beseni la mahamri lililojaa anayo hoja ambayo hakuna mtaalamu awezaye kumtolea, na mahali pa kuisema ni pale kikaoni, kabla waraka haujatiwa sahihi.

Mwenyezi Mungu azibariki riziki zetu, awaongoze wenye kushika mambo yetu, na aturuzuku kushauriana kwa wema. Amin.