Wabunge wa Jimbo Wanafanya Nini Siku Isiyo na Kelele?

Mwezi wa Mei 2021 jina la Bunge la Jimbo la Tanganyika lilisikika mbali sana. Siku zile wabunge wa Kalemie walimwondoa gavana Zoé Kabila katika kiti chake. Na kwa kuwa yeye ni ndugu yake Joseph Kabila, aliyekuwa Rais wa nchi hadi mwanzo wa 2019, habari hiyo ilivuma hata ng'ambo. Mwaka 2022 bunge hilohilo lilimchagua Bibi Julie Ngungwa awe gavana. Na mwaka 2024 bunge jipya, lililotokana na uchaguzi wa Desemba 2023, likamchagua Bwana Christian Kitungwa. Mtu aliye mbali aweza kudhani kwamba kazi ya wabunge hawa ni kuweka magavana na kuwaangusha, basi. Lakini siku za namna hiyo ni chache. Sisi twataka kuwaongoza wasomaji wetu katika zile siku nyingine, ambazo hakuna mwandishi wa habari anayengoja mlangoni.

Kwanza tutazame nyumbani kwa mbunge, ambaye watu wetu humwita depite. Kabla jua halijapanda, wageni wamekwisha fika. Mmoja amefiwa, ataka msaada wa sanduku. Mwingine ana mtoto aliyerudishwa kutoka sekondari kwa ajili ya karo. Kina mama wa kikundi fulani wanaomba viti na sufuria. Hatuwacheki watu hao. Mwenye msiba hubisha hodi kwenye mlango anaoujua. Lakini tazameni matokeo yake. Depite aliyegawa mabati kumi husifiwa soko zima, na mwenzake aliyekesha akisoma hesabu za jimbo, mstari kwa mstari, hajulikani hata na jirani zake. Tena yule wa mabati atayapata wapi mabati mengine kesho? Swali hilo baba na mama wa jamaa wajiulize wenyewe.

Jimbo la Tanganyika ni changa. Lilianza kazi mwaka 2015, Katanga ya zamani ilipogawanywa kuwa majimbo manne, nalo lina teritwari sita: Kalemie, Moba, Manono, Kabalo, Kongolo na Nyunzu. Hata hivyo mji wenyewe si mgeni wa mambo ya utawala. Wazee wakumbuka kwamba tangu 1962 hadi 1966, ulipokuwa ukiitwa bado Albertville, ulikuwa makao makuu ya jimbo la Katanga ya Kaskazini. Kiongozi wake Jason Sendwe aliuawa humo mwezi wa Juni 1964, wakati wa maasi. Basi, watoto wetu wanaposoma habari za bunge, wasidhani ni kitu kilicholetwa jana katika sanduku kutoka Kinshasa.

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 ndiyo inayoweka sheria za bunge hili. Wajumbe wake huchaguliwa na wananchi kwa miaka mitano. Pamoja nao huingia wajumbe wachache wasiopigiwa kura na wananchi, yaani machifu wa mila, nao wasizidi sehemu moja ya kumi ya bunge lote. Bunge jipya linapokutana mara ya kwanza, aliye mzee kuliko wote hukaa kitini kwa muda, akisaidiwa na wawili walio vijana kuliko wote. Desturi hiyo twaipenda, maana yafanana na baraza la kijiji. Baadaye huchaguliwa ofisi ya watu watano: rais wa bunge, makamu wake, mwandishi wa taarifa, msaidizi wa mwandishi, na mtunza fedha. Wabunge hao ndio wanaochagua pia gavana na makamu wake, pamoja na maseneta wanne wanaokwenda Kinshasa.

Sasa tuingie ndani. Rais wa bunge huhakikisha kwanza kwamba wajumbe wametosha, kwa kuwa wasipotosha hakuna uamuzi. Kisha orodha ya mambo ya siku husomwa na kukubaliwa. Tuseme serikali ya jimbo imeleta mpango wa sheria juu ya ushuru. Sheria ya jimbo huitwa edikti. Mpango huo haupigiwi kura papo hapo: hupelekwa kwenye kamati, na huko watu wachache huketi mezani na kuuchambua. Nani atalipa? Kiasi gani? Nani atapokea, na kwa stakabadhi ya namna gani? Mama anayeuza vikapu viwili vya ndagala, je, atatozwa sawa na tajiri mwenye maboti? Kamati hurudi na taarifa yake. Bunge zima hujadili kifungu kwa kifungu, hubadili neno hapa, hufuta mstari pale, ndipo kura hupigwa. Mwisho gavana huitangaza edikti, nayo yawa sheria.

Kazi hiyo yachosha, nasi twakiri kwamba kuitazama hakufurahishi kama mpira. Lakini neno moja lililofutwa katika chumba cha kamati laweza kumwachia yule mama faida yake ya wiki. Kuna na ugumu mwingine. Lugha ya utawala ni Kifaransa, na edikti huandikwa kwa Kifaransa. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa, lakini mvuvi wa Moba na mkulima wa Nyunzu hawapati kuisoma sheria hiyo katika lugha wanayoizungumza. Kwa maoni yetu, depite anayerudi kwake na kueleza edikti kwa Kiswahili chepesi, au kwa Kiluba, Kitabwa au Kihemba, amewapa watu wake kitu kikubwa kuliko mabati.

Upande wa pili wa kazi ni kuuliza. Mbunge aweza kumwandikia waziri wa jimbo swali, au kumwuliza kwa mdomo mbele ya wote. Bunge laweza kumwita waziri ajieleze kwa urefu, au kutuma tume ya uchunguzi mahali penyewe, kama vile kwenye daraja lililolipiwa lisijengwe. Panga la mwisho ni hoja ya kuiangusha serikali. Hiyo yahitaji sahihi za robo ya wajumbe, kisha saa 48 zipite kabla ya kura, ili hasira ipoe. Na yapita tu ikiungwa mkono na zaidi ya nusu ya wajumbe wote. Katika bunge la watu 25, robo ni 7, na zaidi ya nusu ni 13. Wanafunzi wataona jinsi watu wachache wanavyoweza kutikisa jimbo, na jinsi inavyofaa kuwajua vizuri kabla ya kuwapigia kura.

Tumeacha fedha kuwa mwisho, maana ndipo penye kiini. Bunge hukutana katika vikao viwili vya kawaida kila mwaka, kimoja kinaanza mwezi wa Machi na kingine mwezi wa Septemba. Kile cha Septemba ni cha bajeti hasa. Jimbo lina kodi zake, kama vile kodi ya ardhi na majengo, ya pango la nyumba, na ya magari. Zaidi ya hayo, Katiba yasema kwamba asilimia 40 ya mapato ya taifa ni ya majimbo, tena yabaki hukohuko yanakotoka. Tangu 2006 kifungu hicho hakijatimizwa kama kilivyoandikwa: fedha hupelekwa Kinshasa, kisha hurudishwa sehemu tu, tena kwa kuchelewa. Kwa hiyo bajeti ya jimbo yaweza kuonekana nono katika karatasi, na huku zahanati haina dawa na barabara ya Nyunzu imekuwa tope. Ndiyo sababu bunge hudai pia hesabu za mwaka uliokwisha: kiasi gani kiliingia kweli, na kilitumika wapi. Anayepitisha bajeti mpya bila kuuliza ya zamani iliishia wapi amefanya nusu ya kazi.

Vikao vya bunge zima viko wazi kwa watu, isipokuwa wajumbe wameamua kufunga milango. Hakuna haja ya kualikwa. Raia huingia kwa adabu, huketi na kusikiliza. Na mwezi wa Agosti, wakati wabunge wanapokuwa katika teritwari zao, swali la kuwauliza ni fupi, hata mwanafunzi aweza kulisoma kutoka daftarini mwake: mwaka huu mliandika kiasi gani kwa barabara yetu, na ni kiasi gani kilichofika?