Ziada ya mwezi isirudi kwenye gunia lile lile

Na Mwandishi Wetu, Korogwe

GULIO likimalizika na mzigo ukishapakiwa, mfanyabiashara wa mahindi wa Chanika, Handeni, hukaa chini na kuhesabu. Akishatoa fedha ya mzigo unaofuata, ushuru, pango la kibanda, ada ya shule na chakula cha nyumbani, kinachobaki mkononi ni elfu ishirini, elfu thelathini, mwezi mzuri elfu hamsini. Hapo ndipo swali linapoanza: fedha hiyo iende wapi?

Jibu la wengi linajulikana. Huyo wa mahindi hununua gunia jingine la mahindi. Mkulima wa mkonge wa Korogwe huongeza kipande cha shamba. Mwenye duka la Mombo huongeza katoni ya sabuni. Kila mmoja huirudisha ziada pale pale ilipotoka, kwa sababu ndiyo biashara anayoijua.

Ukurasa huu hauna ugomvi na mtu anayekuza mtaji wake. Lakini ndugu msomaji, ziada ikirudi yote kwenye biashara ile ile, mwenye nayo hajaweka akiba. Ameongeza dau. Mwaka mbaya ukiingia, kipato na akiba vinaondoka siku moja.

MAHINDI NA MKONGE VINASEMAJE

Wafanyabiashara wa nafaka wanaikumbuka Juni 2017, Serikali ilipopiga marufuku kupeleka mahindi nje ya nchi. Waliokuwa wamejaza maghala wakitegemea wanunuzi wa Kenya walibaki wakitazamana na mzigo. Mwenye magunia kumi ya mtaji na matano aliyoyaita "akiba" alijikuta na magunia kumi na tano yenye tatizo moja.

Ukame nao hufanya kazi hiyo hiyo, na Handeni ni wilaya inayoujua ukame. Mvua za masika zikikosekana, mfanyabiashara hana mzigo wa kununua, na majirani wanaomdai hawana subira wakati wanaodaiwa naye hawana cha kulipa. Siku hiyo akiba iliyo ghalani ndiyo hiyo hiyo inayoliwa au inayouzwa kwa bei ya kukimbilia.

Kwa upande wa Korogwe, historia ya mkonge inatosha kuwa somo. Zao hilo lililetwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Katikati ya miaka ya 1960 nchi ilizalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Kamba za plastiki zilipoingia sokoni na mashamba yalipodorora, uzalishaji ulishuka hadi chini ya tani 30,000 mwishoni mwa miaka ya 1990. Zao limepata uhai tena tangu hapo, lakini aliyeweka kila senti kwenye mkonge wakati ule hakuwa na pa kushika.

KWANZA DENI, PILI DHARURA

Kabla ya kuzungumzia hisa au hati fungani, mwanzo wa safari ni kulipa madeni ya riba kubwa. Mikopo ya mitaani ambayo watu wameipachika jina la "kausha damu" inaweza kutoza asilimia 10 kwa mwezi au zaidi. Hakuna uwekezaji halali utakaokulipa kiasi hicho. Mwenye deni la namna hiyo akiwa na elfu thelathini ya ziada, faida kubwa kuliko zote ataipata kwa kulipunguza deni lake.

Hatua ya pili ni fedha ya dharura, angalau matumizi ya nyumbani ya miezi mitatu, ikae mahali inapoweza kutoka siku hiyo hiyo mtoto anapougua. Akaunti ya benki inafaa hata kama riba yake ni ndogo. Januari 2018 Benki Kuu ilizifunga benki 5 ndogo kwa upungufu wa mtaji, na wakati huo Bodi ya Bima ya Amana ilimlinda mteja mpaka Sh. 1,500,000/= tu. Mwaka 2023 kinga hiyo ilipandishwa hadi Sh. 7,500,000/= kwa mteja katika benki moja. Kwa mwenye akiba ndogo, kiasi hicho kinatosha kulala usingizi.

Wengi watauliza: na vikoba je? Kikundi kizuri kina faida kubwa, hasa kumzoesha mtu kuweka fedha kila wiki bila kukosa. Lakini tuangalie fedha ya kikundi inakokwenda. Inakopeshwa kwa majirani wanaouza kwenye gulio lile lile, wanaongojea mvua ile ile. Gulio likilala, wakopaji wote wanachelewa kwa pamoja. Kwa hiyo kikoba ni msaada wa mtaji, ila kisihesabiwe kuwa ndicho kinga dhidi ya mwaka mbaya. Aidha, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavitaka vikundi hivi visajiliwe. Kabla ya kuingia, omba kuona cheti na vitabu vya hesabu.

KUTOKA NJE YA WILAYA

Baada ya hapo ndipo ziada inapopaswa kutoka nje ya Handeni na Korogwe. Si kwa mwenye nayo kuhama. Ni kuipeleka mahali ambapo malipo yake hayategemei mvua ya Sindeni wala bei ya singa za mkonge. Kwa mwenye kuanza, milango iko mitatu.

Mlango wa kwanza ni mifuko ya uwekezaji wa pamoja. UTT AMIS, kampuni ya Serikali, inaendesha Mfuko wa Umoja ulioanza mwaka 2005, Mfuko wa Ukwasi wa mwaka 2013, Mfuko wa Hati Fungani wa mwaka 2019 na mingineyo. Fedha za maelfu ya watu hukusanywa na kununuliwa hati fungani, amana za benki na, katika baadhi ya mifuko, hisa. Mwekezaji hupata vipande, na bei ya kipande hutangazwa. Mtu anaweza kuongeza kwa kiasi kidogo, hata kwa simu, na akiuza vipande hulipwa baada ya siku chache za kazi. Bei ya kipande inaweza kushuka pia, hasa katika mfuko wenye hisa nyingi.

Mlango wa pili ni hati fungani za Serikali zinazouzwa kwa mnada na Benki Kuu. Hapa mwekezaji anaikopesha Serikali naye hulipwa riba kila baada ya miezi sita mpaka muda ukomae. Kuna za miaka 2 na kuna zinazofika miaka 25. Kiwango cha chini ni Sh. 1,000,000/=, na hununuliwa kupitia benki au dalali aliyeidhinishwa. Anayetaka fedha yake kabla ya muda anaweza kuuza kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam, ila atapokea bei ya siku hiyo.

Mlango wa tatu ni hisa. Soko hilo lilianza biashara Aprili 1998 kwa hisa za TOL. Hapa ndipo subira inapopimwa. Hisa za benki ya CRDB ziliuzwa kwa umma kwa Sh. 150/= mwaka 2009. Miaka kumi baadaye, mwaka 2019, zilikuwa chini ya Sh. 100/=, na aliyeuza kwa hofu alipata hasara ya bei. Mwishoni mwa mwaka 2023 zilikuwa zimepita Sh. 400/=. Lakini si kila subira huzaa. Precision Air iliuza hisa zake kwa Sh. 475/= mwaka 2011, kisha shirika likaingia katika hasara kubwa. Mwenye ziada ya elfu thelathini asianzie mlango huu, na akiingia asiweke kampuni moja tu.

KITALU NA SHAMBA

Mkulima wa mkonge ataielewa hesabu ifuatayo bila taabu. Miche haipelekwi shambani ikiwa midogo. Huanza kitaluni.

Tuchukue mfano wa mama lishe wa stendi ya Korogwe anayeweza kutenga Sh. 30,000/= kila mwezi. Kwa kiasi hicho hawezi kununua hati fungani. Basi anaiweka kwenye mfuko wa pamoja, hicho ndicho kitalu chake. Tukikisia, kwa mfano tu na bila ahadi yoyote, kwamba mfuko unakua kwa asilimia 10 kwa mwaka, baada ya miezi 30 atakuwa na takriban Sh. 1,017,000/=. Yeye mwenyewe atakuwa ameweka Sh. 900,000/=.

Sasa mche umefikia kwenda shambani. Akitaka, ananunua hati fungani ya milioni moja na kuendelea kujaza kitalu upya. Akipenda kubaki kwenye mfuko kwa kiwango hicho hicho, baada ya miaka 5 atakuwa na kama Sh. 2,320,000/= kutokana na Sh. 1,800,000/= alizoweka. Baada ya miaka 10 atakuwa na zaidi ya Sh. 6,100,000/=, ambapo fedha yake mwenyewe ni Sh. 3,600,000/=. Ongezeko kubwa linakuja miaka ya mwisho, si ya mwanzo.

Faida hiyo ipimwe pamoja na kupanda kwa bei. Mwaka 1994 mfumuko wa bei ulikuwa zaidi ya asilimia 30, na fedha iliyolala iliyeyuka. Tangu mwaka 2018 umekuwa chini ya asilimia 5, na hivyo faida ya asilimia 10 inamwachia mtu kitu cha kushika.

Ada nazo zihesabiwe. Anayetuma elfu kumi mara tatu kwa mwezi hukatwa mara tatu. Ada ya Sh. 500/= kwenye elfu kumi ni asilimia 5, yaani faida ya nusu mwaka katika mfano wetu. Ni nafuu kukusanya na kutuma mara moja.

MSIMU NA TAHADHARI

Huenda msomaji wa Handeni akasema kwamba yeye hana "ziada ya mwezi", ana ziada ya msimu. Ni kweli. Basi ajiwekee lengo la mwaka, mathalani Sh. 360,000/=, alitimize sehemu kubwa wakati wa mavuno ya masika, na miezi ya ukata asiweke kitu. La muhimu ni kwamba miezi hiyo asichomoe. Fedha ya dharura tuliyoitaja ndiyo inayomlinda asichomoe.

Tahadhari ya mwisho inawahusu wale wanaopita wakiahidi kuzidisha fedha kwa wiki chache. Tanzania ilishaona hayo. DECI ilianza mwaka 2007, ikiwataka watu "wapande mbegu" ili "wavune" mara kadhaa zaidi. Waliotangulia walilipwa kwa fedha za waliofuata. Serikali ilipousimamisha mchezo huo mwaka 2009, wengi walikuwa wamepanda bila kuvuna, na mwaka 2013 mahakama iliwatia hatiani baadhi ya viongozi wake.

Kwa hiyo mtu akikuletea mpango, muulize mambo matatu: ana leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana au ya Benki Kuu? Faida inatoka katika biashara gani? Na nikitaka fedha yangu kesho, nitaipataje? Akikasirika kwa maswali hayo, funga mkoba wako.

Gulio lijalo, kabla ya kununua gunia la kumi na moja, tenga thamani ya nusu gunia uipeleke nje ya wilaya. Gunia jingine ghalani litakupa raha mwaka wa neema. Hiyo nusu ndiyo itakayokutafutia mtaji mwaka ambao ghala ni tupu.