Kompyuta Ndogo Katika Lindo la Nyota, Namibia



Katika nyanda za juu za Namibia, karibu na mlima Gamsberg wenye kimo cha mita 2,347, yamo mashamba ambayo siku hizi huvunwa picha za nyota. Mojawapo ni Hakos. Huko darubini zimesimikwa chini ya mapaa yanayosukumwa kando usiku uingiapo, na wenye mali wengi wako Ulaya, maelfu ya kilomita kutoka hapo. Wamelifuata anga hilo kwa kuwa halina taa za miji za kulififisha, na kwa kuwa kusini ya ikweta huonekana mengi ambayo Ulaya hayaonekani kabisa, kama yale Mawingu mawili ya Magellan.

Lakini darubini peke yake haipokei amri. Lazima pawepo kitu pale pale cha kuigeuza taratibu ifuate nyota, kuiendesha kamera na kuzihifadhi picha. Kazi hiyo hupewa kompyuta ndogo, ambayo haishindi kitabu kwa ukubwa, iliyofungwa ubavuni mwa darubini. Kuichagua kompyuta hiyo ndiko kunakowakosesha watu usingizi, na sababu zake ataziona mara moja askari yeyote aliyepata kukaa katika kituo kilicho mbali na makao makuu.

Wenye fedha kidogo huielekea Raspberry Pi ya Uingereza, ambayo toleo lake la nne lilitoka mwaka 2019 na la tano mwaka 2023. Ni rahisi na haili umeme mwingi. Hata hivyo, yenyewe hutaka volti 5, na darubini na kamera kwa kawaida hutumia volti 12. Basi hapana budi kutafuta kifaa cha kupunguza umeme. Kadi yake ya kumbukumbu nayo huchakaa kwa kuandikwa mara kwa mara. La hatari zaidi ni kwamba toleo la nne halina saa yake lenyewe. Umeme na mtandao vikikatika pamoja, huamka bila kujua saa ngapi, na darubini isiyojua saa huelekezwa pasipo nyota inayotafutwa.

Wengine hupendelea kompyuta ndogo zenye kichakataji cha Intel N100, kilichotoka mwaka 2023 na kupimiwa wati 6 tu. Nyingi hupokea volti 12 moja kwa moja, na huendesha Windows, ambayo watengenezaji wa kamera na mitambo ya darubini wameizoea kuliko Linux. Hapo nako pana mtego. Windows ya nyumbani haikubali kutawaliwa kutoka mbali kwa njia yake yenyewe; yatakiwa ile ya Pro, au programu nyingine ya kazi hiyo. Tena mwenyewe asiposahihisha mipangilio, inaweza kujizima na kujiwasha upya usiku wa manane ili ijirekebishe, kazi ikiwa katikati. Na kabla ya yote sharti ipangwe kujiwasha umeme urudipo, maana kompyuta inayongoja kidole cha kuibonyeza, katika shamba lisilo na mtu karibu, ni sawa na jiwe.

Picha moja ya kamera yenye nukta milioni 26 huwa na ukubwa wa megabaiti 52 hivi. Picha mia moja za usiku mmoja zakaribia gigabaiti 5, mzigo ambao mtandao wa shambani hauubebi upesi. Kwa hiyo diski kubwa na imara ni bora kuliko kichakataji chenye mbio, ingawa matangazo ya biashara husifu mbio.

Jambo kubwa kuliko yote ni mawasiliano yakatikapo. Kompyuta inayongoja kila amri kutoka Ulaya husimama hapo hapo, paa likiwa wazi. Iliyokabidhiwa mpango wa usiku mzima huendelea na kazi, na alfajiri huifunga darubini. Mvua za radi za Januari hadi Machi hazingoji mtandao urudi, na kioo na kamera vikilowa, gharama ya miaka imepotea kwa saa moja. Ndiyo sababu mafundi waangalifu hukiunga kipima mvua moja kwa moja na mota ya paa, ili lifungwe hata kompyuta ikiwa imekufa. Kisha huweka kabatini kompyuta ya pili, yenye nakala kamili ya programu zote, ambayo mtu wa shambani aweza kuibadilisha kwa kuhamisha waya tu.